Seroney: Wakili wa Nandi aliyegeuza kanuni za Bunge kuwa ngao

Eneobunge la Turbo, katika Kaunti ya Uasin Gishu, ni changa kwa umri lakini lina ukoo mrefu wa kisiasa. Lilizaliwa wakati Eldoret Kaskazini ilipogawanywa, upande mmoja ukawa Soy na mwingine Turbo, na wapigakura wake walimchagua mbunge wao wa kwanza mnamo Machi 2013. Wadi zake sita ni Ngenyilel, Tapsagoi, Kamagut, Kiplombe, Kapsaos na Huruma. Huruma ni mtaa wa watu wengi mjini Eldoret, hali Ngenyilel na Tapsagoi ni mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kwa hivyo anayekwenda Nairobi kwa tiketi ya Turbo humwakilisha mkulima na pia mpangaji wa mjini, na tangu Agosti 15, 2024, Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji la tano la Kenya, sehemu ya wapigakura wake ni wakazi wa jiji.

Historia ya siasa za eneo hili haiwezi kusimuliwa bila kumtaja mtu ambaye hakuwahi kuliwakilisha. Jean-Marie Seroney alikuwa wakili na mbunge wa Wanandi, ng'ambo tu ya mpaka wa Turbo. Hoja alizozitoa kuhusu ardhi na kuhusu uhuru wa Bunge zilivuka mpaka huo zikapata wafuasi Eldoret, na mmoja wao, Chelagat Mutai, alikalia kiti cha Eldoret Kaskazini katika miaka ambayo kusema ukweli bungeni kulikuwa na gharama kubwa.

Seroney alizaliwa katika miaka ya 1920 katika nchi ya Nandi, kizazi kimoja tu baada ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza, kuuawa mnamo Oktoba 1905. Baada ya mauaji hayo Wanandi walifungiwa katika eneo lililotengwa, na sehemu ya ardhi yao nzuri ikapewa walowezi. Upande wa kaskazini, katika uwanda wa Uasin Gishu, makaburu kutoka Afrika Kusini walifika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe mnamo 1908, na kituo chao cha biashara, kilichojulikana kwa nambari ya shamba kama Sixty-Four, kikapewa jina la Eldoret mnamo 1912. Reli ya kwenda Uganda ilipopitishwa katika uwanda huo, Turbo ikawa kituo cha kupakia mazao ya mashamba ya wazungu. Mtoto aliyekulia katika mazingira hayo hakuhitaji mwalimu wa kumweleza kwamba hati iliyopigwa muhuri inaweza kumhamisha mtu kutoka kwa kaburi la babu yake.

Alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance, kisha akaenda India kusomea sheria. Njia hiyo ya India yafaa kuelezwa. Serikali ya kikoloni haikupendelea Waafrika wasomee sheria. Iliwataka walimu, makarani na maafisa wa kilimo. Wakili Mwafrika ilimwona kama mchochezi mwenye cheti. Kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mnamo 1961 tu, na Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuwa na kitivo chake hadi 1970. Serikali ya India, iliyojipatia uhuru mnamo 1947, ilianza kuwafadhili vijana wa Kiafrika, na baadhi yao wakarudi na taaluma ambazo London haikuwa na haja ya kuwapa. Seroney alirejea akiwa mmoja wa Wakalenjin wa kwanza kabisa kuhitimu katika sheria.

Mnamo 1961 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa mfuasi wa KADU, chama kilichoundwa mwaka uliotangulia na viongozi wa jamii ndogo waliohofia kumezwa na vyama vya jamii kubwa. Ronald Ngala wa Pwani ndiye aliyekiongoza, huku Daniel arap Moi, Masinde Muliro na Taaitta Toweett wakiwa miongoni mwa nguzo zake. Sera yake kuu ilikuwa majimbo, yaani mamlaka yagawanywe ili kila eneo liwe na usemi juu ya ardhi na polisi wake. Katiba ya uhuru iliyabeba majimbo hayo, lakini hayakudumu. KADU ilijivunja mnamo Novemba 1964 na wabunge wake wakajiunga na KANU. Moi alipanda ngazi upesi ndani ya chama hicho na kufikia mwanzo wa 1967 alikuwa Makamu wa Rais. Seroney alivuka sakafu pamoja na wenzake, ila hakuyaacha maswali yake upande wa pili.

Swali lake kubwa lilikuwa ardhi. Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo na kugawanywa kwa njia ya miradi ya makazi, kampuni za ununuzi wa ardhi na vyama vya ushirika. Aliyekuwa na fedha au marafiki serikalini alinunua. Katika Bonde la Ufa wanunuzi wengi walitoka nje ya eneo hilo, na Wanandi waliona ardhi iliyochukuliwa na mzungu bila malipo ikiuzwa kwa Mwafrika mwingine, wao wakiwa watazamaji. Mnamo Julai 1969 Seroney aliongoza mkutano uliotoa Azimio la Nandi Hills. Lilisema kwamba ardhi yote katika Nandi, yakiwemo mashamba makubwa, ni ya Wanandi, na likapinga kuwekwa kwa watu wa jamii nyingine humo.

Serikali ilimshtaki kwa kosa la uchochezi, akapatikana na hatia na kutozwa faini. Kisiasa, hukumu hiyo ilimjenga. Kwa Wanandi wengi alionekana kuwa kiongozi wa Kalenjin aliyethubutu kusema kuhusu ardhi wakati Makamu wa Rais, naye Mkalenjin, akinyamaza kwa sababu ya cheo. Uhasama kati ya Seroney na Moi ulitokana zaidi na suala hili kuliko jingine lolote.

Hata hivyo Azimio hilo lilikuwa na makali pande mbili, na haitakuwa haki kulisifu bila kulisema hilo. Lilidai haki kwa watu walionyang'anywa. Papo hapo liliwaambia majirani, ambao wengi wao walikuwa maskini walionunua ekari chache kwa jasho lao, kwamba hawakuwa na mahali. Mantiki hiyo haikubaki Nandi. Mji wa Turbo, ambako Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu na wengine wamefanya biashara mlango kwa mlango kwa miaka mingi, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Seroney hakuwa hai wakati huo na hakuna wa kumbebesha lawama za vijana walioshika mienge miaka 38 baada ya Azimio lake. Lakini lugha ya "ardhi ya wenyewe" ilipata mmoja wa watetezi wake wa mapema na hodari katika wakili huyu.

Ni bungeni ambako kipaji chake kilionekana bila doa. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 1974 uliwaleta Nairobi wabunge kadhaa wasiotaka kutikisa kichwa tu. J. M. Kariuki alirudi kutoka Nyandarua Kaskazini, Martin Shikuku kutoka Butere, na Eldoret Kaskazini ikamleta Chelagat Mutai, msichana wa miaka ishirini na ushei aliyekuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mnamo Februari 1975 wabunge walimchagua Seroney kuwa Naibu Spika, jambo ambalo serikali haikulifurahia.

Kiti cha Naibu Spika kwa kawaida hakina mvuto. Anayekikalia huongoza kikao Spika asipokuwepo, huamua nani azungumze na nani akae, na husoma kanuni za kudumu ambazo wengi wa wabunge hawazisomi. Kwa mwanasiasa wa mikutano ya hadhara ni kifungo. Kwa wakili ni mahali pazuri, kwa kuwa uamuzi wa kiti una nguvu ya hukumu ndani ya ukumbi ule, na hata waziri hulazimika kuutii au kutoka nje.

Wiki chache tu baada ya kuchaguliwa kwake, J. M. Kariuki alitoweka. Alionekana mara ya mwisho Nairobi mnamo Machi 2, 1975, na mwili wake ukapatikana na mfugaji katika vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, ambayo ripoti yake ya Juni mwaka huo ilielekeza kidole kwa maafisa wakuu wa usalama. Ripoti ilipopigiwa kura, serikali ilishindwa kwa kura chache mno. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, pamoja na wasaidizi wa mawaziri John Keen na Peter Kibisu, waliachishwa kazi kwa kupiga kura dhidi ya upande wa serikali. Kwa wapigakura wa Turbo na Lugari, kuondolewa kwa Muliro kulikuwa habari ya karibu, maana alikuwa mkubwa wa siasa za Trans Nzoia na Bungoma, majirani wao wa magharibi.

Ndipo ikafika Oktoba 9, 1975. Shikuku, akichangia mjadala, alisema kuna watu wanaojaribu kuliua Bunge kama vile KANU ilivyouawa. Kelele zikapanda kutoka upande wa serikali na mbunge mmoja akadai Shikuku athibitishe kauli yake. Dai hilo lilikuwa halali. Kanuni zinamtaka mbunge kuwajibikia ukweli wa anayoyasema. Akishindwa kuthibitisha, hana budi kuyaondoa na kuomba radhi. Macho yote yakageukia kiti, na aliyekuwa kitini siku hiyo alikuwa Naibu Spika Seroney.

Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Alisema kwamba kwa utaratibu wa Bunge hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo dhahiri.

Waliousikia waliuchukua kama kejeli, na hakika ulikuwa na ladha hiyo. Lakini ulikuwa pia uamuzi wa kisheria. Sheria ya Ushahidi ya Kenya ina kanuni kwamba yapo mambo ambayo mahakama huyatambua yenyewe, na mambo hayo hayahitaji shahidi: hakuna anayeitwa kizimbani kuthibitisha kwamba jua huchomoza mashariki. Seroney aliichukua kanuni ya mahakamani akaiweka mezani pa Spika. Kufa kwa KANU kama chama chenye mikutano, uchaguzi wa ndani na mijadala, alikuwa akisema, ni jambo ambalo kila aliyeketi ukumbini alilijua. Katika maneno hayo machache alimwokoa Shikuku na kuadhibiwa, na pia akaliweka jambo lenyewe katika kumbukumbu rasmi kama ukweli uliokubaliwa na kiti.

Siku sita baadaye, Oktoba 15, polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata wote wawili. Hawakushtakiwa. Waliwekwa kizuizini bila kesi chini ya Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma, ambayo kanuni zake, zilizotolewa 1966, zilimruhusu waziri kumfungia mtu kwa muda usiojulikana iwapo aliridhika kwamba usalama wa taifa wahitaji hivyo. Inakumbukwa kwamba Rais Jomo Kenyatta aliwaonya wabunge wengine kwa mfano wa mwewe aliye angani daima, tayari kuwashukia vifaranga.

Hapa ndipo maisha ya Seroney yanapomfaa msomaji wa sheria kuliko mahali pengine. Mnamo 1969 alipelekwa kortini. Alisomewa mashtaka, akajitetea, akahukumiwa, akalipa faini, akarudi bungeni. Mchezo ulikuwa na refa, hata kama refa hakuwa wa kupendeza. Mnamo 1975 hapakuwa na uwanja. Sheria ya mamlaka na kinga za Bunge ilisema kwamba hakuna mashtaka ya jinai wala madai yatakayofunguliwa dhidi ya mbunge kwa maneno aliyoyasema ndani ya Bunge. Serikali haikuivunja kinga hiyo kwa herufi, iliipita kando. Kumzuilia mtu hakukuwa mashtaka, kwa hivyo kinga dhidi ya mashtaka haikumfaa. Wakili aliyeijua kila koma ya kanuni alikutana na amri isiyohitaji kutoa sababu mbele ya jaji wa kawaida.

Wizara iliyoshughulikia amri hizo ilikuwa ya Mambo ya Ndani, na waziri wake alikuwa Makamu wa Rais, Daniel arap Moi.

Baada ya hapo wabunge walianza kupungua mmoja mmoja. Chelagat Mutai alifuata mnamo 1976. Alishtakiwa kwamba aliwachochea wakazi wa eneo lake kuharibu mali katika shamba la mkonge la Ziwa, na akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Tofauti ya njia zilizotumika yaonyesha jinsi serikali ilivyochagua silaha zake. Kosa la Seroney lilitendeka ndani ya ukumbi wenye kinga, hivyo akazuiliwa. Kosa lililodaiwa kwa Mutai lilitendeka shambani, miongoni mwa maskwota na wakulima, hivyo mahakama ilitosha, na hukumu ya urefu ule ilimpokonya kiti kwa mujibu wa katiba. Kiini cha mambo yote mawili kilikuwa kimoja: mashamba makubwa yaliyoachwa na wazungu, na nani aliyestahili kuyarithi. George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki, alizuiliwa mnamo 1977.

Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978. Rais mpya, Moi, aliwaachilia wafungwa wote wa kisiasa katika sherehe za Jamhuri mnamo Desemba 12 mwaka huo, Seroney na Shikuku wakiwemo, pamoja na mwandishi Ngugi wa Thiong'o. Kwa Shikuku ilikuwa fursa ya kuanza upya. Kwa Seroney mambo yalikuwa magumu zaidi. Aliyemfungulia mlango alikuwa hasimu wake wa miaka mingi, ambaye sasa alikuwa Rais na aliihitaji Nandi iwe nyuma yake bila mgawanyiko. Katika uchaguzi wa 1979, kiti cha Tinderet kilichukuliwa na kijana Henry Kosgey, na wakili huyo hakurudi bungeni tena. Alifariki mnamo 1982.

Eldoret Kaskazini ilipiga kura tofauti mwaka huo wa 1979. Ilimrudisha Chelagat Mutai bungeni. Alijiunga na kundi dogo la wabunge wakosoaji ambalo Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa zamani, alilibandika jina la kejeli la "dada saba wenye ndevu". Ndani yake alikuwemo wakili mwingine kijana, James Orengo wa Ugenya. Uhuru wake haukudumu. Mnamo 1981, akikabiliwa na mashtaka kuhusu marupurupu ya usafiri, alitorokea Tanzania na kuishi uhamishoni hadi 1984. Mkasa huo ulifunga mlango wa siasa za aina hiyo Eldoret kwa muda mrefu. Kiti hicho hakikupata tena umaarufu wa kitaifa hadi William Ruto alipokinyakua katika uchaguzi wa Desemba 1997 na kukikalia mpaka eneobunge lilipogawanywa.

Mwaka huo huo wa 1997, kabla ya uchaguzi, Bunge lilipitisha mageuzi yaliyokubaliwa kati ya KANU na vyama vya upinzani. Miongoni mwa yaliyoondolewa ni mamlaka ya kumzuilia mtu bila kumfikisha mahakamani, pamoja na kosa la uchochezi ambalo lilimtoza Seroney faini mnamo 1969. Silaha zote mbili zilizotumiwa dhidi yake ziliondoka kwa mpigo mmoja, miaka 15 baada ya kifo chake. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi: Kifungu cha 117 kimetamka wazi kwamba kutakuwa na uhuru wa kusema na kujadili katika Bunge.

Katiba hiyo hiyo ndiyo iliyoweka utaratibu wa maeneobunge mapya, Turbo ikiwemo. Elisha Busienei alichaguliwa Machi 2013 kuwa mbunge wake wa kwanza. Janet Sitienei alimrithi mnamo 2017, na hivyo mwanamke akakikalia tena kiti cha upande huu wa Eldoret, kisha akachaguliwa upya mnamo 2022. Chelagat Mutai mwenyewe aliishi akaliona eneobunge lake la zamani likigawanywa. Alifariki Julai 2013, miezi minne baada ya wakazi wa Turbo kupiga kura ya kwanza kwa jina lao wenyewe.